Damu ya Kabula, Shingo ya Limi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na sita. Najua mnacheka. Mwenzenu wa mapokezi aliponiletea barua ya bodi ya madaktari aliniuliza kama sasa aanze kuniamkia shikamoo. Pikipiki iliteleza kwenye tope la barabara ya Mlimba, mgongo ukavunjika sehemu mbili, na mtu asiyeweza kusimama zaidi ya robo saa hana kazi kwenye meza ya maabara. Bodi iliona hivyo. Niliwaomba wanionyeshe walichokiona kwenye picha za mgongo wangu. Wakanionyesha, nikaishiwa maswali. Ni jambo ambalo halijanitokea mara nyingi.

Ninyi watatu mliobaki maabara mmeniomba niwaandikie kazi ile ilivyokuwa. Vyeo sitaviandika, na mishahara mnaijua. Nitaandika siku za kwanza, vifaa, aliyenifundisha, na mgonjwa mmoja. Mgonjwa huyo mnamsikia kila mwaka kwenye mafunzo ya wageni, na kila mwaka kisa chake kinasimuliwa vibaya, kwa sababu mimi ndiye ninayetoka shujaa. Someni hapa ilivyokuwa.

Nilizaliwa Kidatu, kwenye nyumba za wakata miwa. Baba alitoka Kigoma, mama Njombe. Jirani wa kushoto alikuwa Mwislamu wa Lindi, wa kulia Mlutheri wa Makete, na wa nyuma alikuwa hajaamua. Mtoto mmoja akishikwa na homa, kila mlango ulikuwa na maelezo yake, na kila maelezo yalikuwa na dawa yake ya kunywa. Mimi ndiye niliyenyweshwa zote. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuuliza "umejuaje?", na swali hilo limenifukuzisha kwenye vikao vingi kuliko matusi.

Nilifika maabara yetu ya hapa Ifakara na shahada yangu ya sayansi ya maabara ikiwa bado ina harufu ya karatasi mpya. Kiongozi alikuwa Mama Kiwanga, Mndamba wa hapa hapa, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyefanya kazi tangu kabla hatujapata mashine ya kupima kemia ya damu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una saa?"

"Nina simu, mama."

"Nimekuuliza saa, wewe unanijibu simu."

Alinipa saa ya ukutani iliyovunjika kioo, akanikalisha, akanifunga mkono kwa mpira wa kutolea damu, kisha akaendelea kunywa chai. Dakika tatu zikapita, vidole vikaanza kufa ganzi. Akanitoa damu. Akafungua mpira, akasubiri mkono upate uhai, akafunga tena, na safari hii akatoa damu ndani ya dakika moja. Chupa zote mbili akaziingiza kwenye mashine. Kalsiamu yangu ya kwanza ilikuwa juu kuliko ya pili. Mkono ni uleule na asubuhi ni ileile.

"Sasa wewe ni mgonjwa au si mgonjwa?" aliniuliza.

Nilimpenda kuanzia hapo.

Somo lake la pili nilibishana nalo. Alitaka kila mgonjwa aulizwe, "Unaitwa nani?" Alikataza kabisa mtu kusoma jina kwenye karatasi na kuuliza, "Wewe ni fulani?" Mgonjwa anayeumwa, alisema, atakubali jina lolote ilimradi foleni isogee. Nilimwomba ushahidi. Nikamwambia kuna watu arobaini kwenye benchi, wengi wazee wasiosikia, na kila jina linalotajwa mara tatu linakula muda. Akaniangalia juu ya ile miwani, akasema, "Haya, Bwana Kwa Nini." Jina likanishika hospitali nzima. Mbele yake niliuliza alivyotaka. Asipokuwepo niliita majina kutoka kwenye karatasi, na foleni yangu ilikwenda haraka kuliko ya mtu mwingine yeyote. Nilijivunia hilo.

Miaka ile ya mwanzo nilikuwa na vita na mashine. Umeme wa Ifakara ukikatika na kurudi, mashine inaamka na hasira. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza niliipa damu ya majaribio ambayo majibu yake tunayajua, na ikikosea hata kidogo sikugusa damu ya mtu. Wengine walifanya hivyo mara moja kwa siku. Mimi nilifanya mara tatu. Nilikuwa na daftari langu la makosa ya mashine, na nililijua kama mkulima anavyojua mapengo ya jaruba lake la mpunga.

Basi, mwaka wangu wa tano kazini, akaja Kabula.

Kwenye kadi ya bima alikuwa Kabula Masanja, mke wa mwalimu wa shule ya msingi kule upande wa Mlimba. Msukuma, wa familia iliyokuja bondeni na ng'ombe, ikabaki na mpunga. Jalada lake lilikuwa hapa tangu alipojifungua kwetu miaka mitatu nyuma. Safari hii alikuja na mawe kwenye figo kwa mara ya pili, na maumivu ya nyonga yaliyoanza aliporuka kutoka kwenye tela la trekta. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mifupa inauma kama ya bibi. Daktari Haule, daktari wetu wa magonjwa ya ndani, akaagiza kalsiamu. Ikatoka tatu nukta moja. Mtu mzima anatakiwa awe chini ya mbili nukta saba.

Mnajua maana yake, lakini nitaiandika kwa yeyote atakayeshika karatasi hii. Shingoni, nyuma ya tezi kubwa, kuna tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele. Kazi yake ni kuamua kalsiamu kiasi gani ikae kwenye damu. Moja ikipagawa inaanza kuinyonya kutoka kwenye mifupa, inaimwaga kwenye damu, na figo zinageuza ziada kuwa mawe. Dawa yake mara nyingi ni kisu. Swali ni kisu kikate ngapi.

Alirudi baada ya mwezi. Kalsiamu ikatoka mbili nukta tatu. Safi kabisa. Akarudi tena, ikatoka tatu nukta mbili.

Daktari Haule alishuka maabara mwenyewe, mtu mrefu anayelazimika kuinama mlangoni.

"Bwana Kwa Nini, mashine yako leo imeamkaje?"

"Imeamka vizuri, daktari."

"Huyu mama amepona mwezi wa pili, ameugua mwezi wa tatu. Au ni mashine inayochezesha bahati nasibu huku chini?"

Nilimfungulia daftari. Nikamwonyesha damu za majaribio za siku zote tatu. Nikamweleza mpira wa mkono, dakika, protini ya damu, kila kitu. Alisikiliza, akasema, "Mashine haina kosa, mimi sina kosa, basi kosa ni la mgonjwa?" Akaondoka anacheka. Mimi sikucheka. Niliapa nitathibitisha kwamba mashine ilikuwa sahihi. Na ilikuwa sahihi, mara zote tatu. Shikeni hilo.

Nilianza kusoma. Umri mdogo vile, halafu jalada lilisema mama yake mzazi alikufa na mawe ya figo na vidonda vya tumbo visivyosikia dawa. Mambo hayo matatu yakikaa pamoja yanaweza kuwa bahati mbaya, na yanaweza kuwa ugonjwa wa kurithi, ambao tezi zote nne hupagawa, moja leo, nyingine baadaye. Tofauti ni kubwa. Kama si wa kurithi, daktari wa upasuaji anatoa tezi moja mbovu na mgonjwa anarudi kulima. Kama ni wa kurithi na akatoa moja tu, ugonjwa unarudi, na shingo inafunguliwa mara ya pili kwenye kovu, karibu na mshipa wa sauti. Wengine hutoka huko bila sauti. Kipimo cha vinasaba ndicho kinachotenganisha. Sisi hatukuwa nacho. Lakini nilikuwa na rafiki niliyesoma naye, anafanya kazi Dar kwenye maabara inayokusanya sampuli za namna hiyo na kuzipeleka nje. Nilimsumbua hadi akakubali kuweka ya kwetu moja.

Daktari Haule alisaini fomu. Nilimwita mgonjwa siku ya kliniki, nikamweleza vizuri, kwa Kiswahili ambacho hata mimi nilijipongeza: kwamba ugonjwa huu unaweza kuwa wa ukoo, unatembea kwenye damu ya familia, na tunataka kuutafuta kwenye damu hiyo. Akasikiliza kwa makini. Nikampa tarehe ya kurudi kwa ajili ya chupa ya kipimo hicho, yenye kifuniko cha zambarau.

Siku hiyo foleni ilifika hadi kwenye korido nyembamba. "Kabula Masanja?" niliita. "Abee," akaitika, akaketi, akanyoosha mkono. Mtoa damu anakumbuka mishipa, nyuso hazikumbuki. Mishipa ya Kabula ilinisumbua siku zote, ilikimbia sindano. Siku hiyo ilikuja yenyewe.

"Leo umekunywa maji vizuri," nilimsifu.

"Nashukuru Mungu," akasema, akatabasamu.

Nikabandika karatasi ya jina kwenye chupa. Kwa mkono wangu.

Majibu yalichukua miezi mitatu. Hakuna mabadiliko yaliyoonekana kwenye vinasaba vilivyopimwa. Daktari Haule aliona nafuu: ugonjwa hauko kwenye ukoo, tezi ni moja, na picha ya shingo ilionyesha moja iliyovimba upande wa kushoto. Akaandika rufaa. Hospitali ya Dar ikampa kitanda na tarehe. Mgonjwa akaja kutolewa damu ya mwisho, ya kujua kundi, ili huko wamwandalie chupa za damu. Akarudi Mlimba kujiandaa.

Nilipima kundi la damu mchana ule ule. Likatoka B. Nikafungua jalada kunakili. Kwenye kadi yake ya ujauzito, kwa mwandiko wa Mama Kiwanga mwenyewe, kulikuwa na O.

Mtu habadilishi kundi la damu kwa kuhama kata. Nilirudia. B. Nilifungua dawa mpya za kupimia, nikarudia. B. Nilijipima mwenyewe nione kama dawa zinadanganya. Nikatoka O, kama nilivyokuwa tangu shuleni. Kisha nikafikiri jambo ambalo naliandika hapa kwa aibu: nikafikiri Mama Kiwanga alikosea. Nikampelekea jalada.

Hakulisoma sana. Aliuliza, "Siku ya kifuniko cha zambarau, ulimuuliza jina au ulimwita?"

Nilifunga jalada.

"Hukuamini mashine," alisema polepole, akivua miwani. "Hukuamini daktari. Hukuniamini mimi. Ukaliamini jina."

Ilikuwa imebaki siku kumi na mbili mgonjwa aende kukatwa shingo Dar kwa kufuata majibu ambayo sikujua ni ya nani. Namba ya simu kwenye jalada ilikuwa ya mwalimu, mume. Neno kama lile halisemwi kwenye simu ya mume wa mtu kabla hujajua unasema nini. Niliomba ruhusa niende. Mama Kiwanga alisaini, akaniambia, "Nenda. Lakini usiende kama polisi."

Ulikuwa msimu wa mpunga kukomaa. Nyumbani kwa mwalimu nilikuta kuku na mlango uliofungwa. Jirani alinielekeza mashambani, mwendo wa saa nzima kwenye matuta, maji hadi vifundoni. Msimu ule watu wote wako kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti ambamo familia hulala hadi mavuno yaishe. Nilianza kusikia makopo kabla sijaona mtu. Mtu akiwa juu ya dungu anavuta kamba, makopo matupu yanalia shamba zima, ndege wanaruka.

"Kaka wa maabara!" sauti ilitoka juu. "Umepotea au umetumwa?"

Alikuwa yeye, mwanamke wa mishipa migumu, amekaa amenyoosha mguu wa nyonga mbovu, kamba mkononi. Na chini, akitoka kwenye mpunga na mundu, alikuja mwanamke mwingine mwenye uso uleule, kama mtu aliyetoka kwenye kioo na kuamua kufanya kazi.

Nilisalimia. Kisha nikamtazama wa juu, nikauliza swali nililotakiwa kuuliza mwaka mzima.

"Dada, unaitwa nani?"

Kamba ikatulia. Ndege wakarudi.

"Anaitwa Limi," alijibu wa chini. "Mdogo wangu. Mimi ndiye Kabula."

Nikaketi kwenye tuta, kwenye maji. Sikujali.

Lilikuwa jambo rahisi, na mnajua nyote linavyofanyika. Kabula ana kadi kwa sababu ya mume. Limi hana mume, hana kadi, ana mtoto na mawe kwenye figo. Picha ya kadi ni ndogo kama kucha. Limi akaugua kwa jina la Kabula. Tatu nukta moja ilikuwa ya Limi. Mbili nukta tatu ilikuwa ya Kabula.

"Mwezi ule nyonga ilimkamata, hakuweza hata kushuka chini," Kabula alisema. "Tarehe imeandikwa, na tarehe ikipita mnagomba. Nikaenda mimi."

"Na siku ya kifuniko cha zambarau?"

"Nilikwenda mimi pia."

"Mbona hukusema wewe siye mgonjwa?"

Akanishangaa kweli. "Hukuuliza. Uliita Kabula. Mimi ni Kabula. Nikaitika."

"Lakini nilimweleza Limi kwamba tunatafuta ugonjwa."

"Alinieleza yote," alisema. "Wa ukoo. Unatembea kwenye damu ya familia. Wewe mwenyewe ndivyo ulivyomwambia. Sisi ni baba mmoja, mama mmoja. Ukoo gani mwingine ulitaka? Tukaona kwa kipimo hicho haina haja ya kumsafirisha mwenye maumivu."

Nimeulizwa maswali na maprofesa. Hakuna aliyewahi kunibana vile. Kwa maelezo niliyowapa, walichofanya kilikuwa sahihi. Niliwaambia nusu ya jambo kwa ufasaha mkubwa, nikaacha nusu ya pili, kwamba mtoto harithi kila kitu, na ndugu wawili hawarithi yaleyale.

Nilichukua mpunga mkononi. Niliwaambia kila mzazi ana mbegu mbili za kila kitu, na kila mtoto anapewa moja tu, bila kuchaguliwa. Mama yao huenda alikuwa na moja nzuri na moja mbovu.

Kabula alitazama mundu wake. "Kwa hiyo mimi nimepewa nzuri, na yeye mbovu?"

"Hatujui bado. Yeye hatujampima."

"Ndiyo kawaida yake," Limi alisema kutoka juu. "Hata nyama ikigawiwa, paja linakwenda kwa Kabula."

Kabula hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka, nikajuta.

Niliwaeleza kilichokuwa kinatungojea Dar: madaktari wangefungua shingo wakitafuta tezi moja, kwa sababu karatasi yangu iliwaambia hauko kwenye ukoo. Limi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Nikisema jina langu, kitanda cha Dar kinabaki?"

"Kimeandikwa Kabula. Sidhani."

"Basi umetembea kwenye tope saa nzima kuja kuninyang'anya kitanda."

"Na mume wangu?" Kabula akaingilia. "Kadi ni ya kazi yake. Wataandika nini juu yake? Kaka, nyamaza tu. Mwacheni akakatwe. Kama ni zaidi ya moja wataona wakishafungua!"

"Siwezi kupeleka karatasi ninayojua ni ya mtu mwingine," nilisema. Nilisema taratibu. Sikuwa na kitu kingine cha kuwaahidi, na sikuahidi.

Limi alivuta kamba. Makopo yakalia, ndege wakaruka, akasubiri watue mbali. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepanga safari ya mnadani:

"Nikifia mezani kule Dar, cheti kitaandikwa Kabula. Mwalimu atakuwa mgane, na mke wake yupo hapa anakula ugali. Watoto wako wataitwa yatima, Kabula, wewe unawapikia. Na mwanangu Milembe mama yake hajafa popote, hata kwenye karatasi." Akaanza kushuka ngazi, mguu mmoja kwanza. "Nipimeni kwa jina langu. Kitanda nitatafuta kingine."

Nilirudi Ifakara nikaandika taarifa ya kosa, na jina kwenye nafasi ya mkosaji lilikuwa langu. Daktari Haule aliisoma akiwa amesimama. Nilitegemea mzaha. Aliniambia tu, "Tuanze upya," akapiga simu Dar kuachia kitanda. Mwalimu aliandikiwa barua ya onyo na kadi ikashikiliwa kwa muda. Kabula hakunisemesha mwaka mzima, na ilikuwa haki yake. Limi alifunguliwa jalada jipya lenye jina lake, na Mama Kiwanga alikwenda mwenyewe ofisi ya ustawi wa jamii kumwombea msamaha wa matibabu, akakaa pale hadi karatasi ikapigwa muhuri. Walimwambia arudi kesho. Alisema hana kesho, ana leo na kiti.

Damu ya Limi ilikwenda kwenye chupa ya zambarau. Nilimuuliza jina kabla ya kufunga mpira, nikamuuliza tena kabla ya kubandika karatasi. Kungoja kulikuwa kugumu. Alilazwa mara mbili kwa dripu, kalsiamu ikiwa imepanda hadi anachanganya siku. Kila alipolazwa nilijiuliza kama ningenyamaza angekuwa ameshakatwa na kupata nafuu ya mwaka mmoja au miwili. Labda. Sikuwahi kupata njia ya kulipima hilo, na mnajua ninavyochukia jambo lisilopimika.

Majibu yakaja. Yalikuwepo mabadiliko, kwenye jeni ileile tuliyoishuku. Wa kurithi. Dar walimpangia upasuaji mwingine kabisa: walitafuta tezi zote nne, wakatoa tatu na nusu, wakaacha nusu moja ifanye kazi. Daktari wa upasuaji alituandikia kwamba mbili zaidi zilikuwa zimeshaanza kuvimba, ambazo picha haikuzionyesha. Baada ya kisu kalsiamu ilianguka kama jiwe kwa sababu mifupa yenye njaa iliinywa yote, na kwa wiki kadhaa nilimpima kila siku mbili, huku akimeza vidonge na kulalamika kwamba vina ladha ya chaki. Alilalamika kwa sauti yake mwenyewe, nzima. Siku ilipotulia kwenye mbili nukta tatu, Daktari Haule aliinama mlangoni.

"Mashine imeamka vizuri leo."

"Imeamka vizuri, daktari."

Jambo moja wasimulizi wa mafunzo hulisahau. Yale majibu ya kwanza, niliyoyaita ya makosa, hayakuwa na kosa lolote. Yalikuwa majibu kamili ya Kabula. Mbegu mbovu ile hakuipata, na watoto wake hawataipata kutoka kwake. Nilimpelekea karatasi mpya yenye jina lake, safari hii kwa haki. Aliisoma mlangoni, akaikunja mara nne, akaniuliza kama nimekula. Ndivyo tulivyopatana.

Limi je? Kwa mtoto wake ni nusu kwa nusu. Milembe alikuwa mdogo mno wakati ule, tukakubaliana tusubiri akue kidogo. Mama Kiwanga alistaafu, kwa umri wake wa kweli. Mimi nikaendelea miaka mingine sita na swali moja mdomoni mwangu, hadi pikipiki iliponitoa.

Wiki iliyopita Limi alikuja kunijulia hali hapa mtaani kwangu, Viwanja Sitini. Anatembea bila kuchechemea. Alibeba mchele na kumshika mkono msichana mrefu, meno ya mbele yameng'oka, anayetazama mkanda wangu wa mgongo bila adabu.

"Tumetoka maabara kwako," Limi alisema. "Tumempima leo. Chupa ya zambarau."

"Walimtoa vizuri?"

"Kijana alikuwa na karatasi. Akasoma, 'Wewe ni Milembe?' Mtoto akataka kuitika. Nikamziba mdomo." Alicheka hadi akashika shingo, pale penye kovu. "Nikamwambia yule kijana, mwanangu hanyooshi mkono hapa mpaka umuulize anaitwa nani. Akasema mama, foleni ndefu. Nikamwambia hata mimi nilikuwa na foleni."

"Akauliza?"

"Akauliza. Mara mbili."

Ni mmoja wenu watatu. Safari hii sitauliza ni nani. Majibu ya Milembe hayajarudi, na sijui yatasema nini. Yakirudi, yatakuwa ya kwake.